Panya Wenye Shoto wa Ngana

Siku mliyoniaga pale ofisini, mshereheshaji alisimama akasema kwamba katika utumishi wangu wote wa kufuatilia visumbufu vya mazao sikuwahi kuandika namba ya uongo. Mkapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, ilikuwa haya. Maneno yale yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku hiyo, na hakuna tonge lililoyashusha.

Mmeniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi ili vijana wajifunze. Haya, nimekaa hapa nyumbani karibu na Itungi, macho bado yanaona, kalamu ninayo. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu la utumishi, ambalo limenenepa kunishinda mimi mwenyewe. Nitaandika juu ya kazi yangu ya kwanza, enzi za Mwingereza, juu ya panya wadogo wa mashamba ya Ngana na mkono waliotumia kula. Mtacheka. Chekeni mapema, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha sana.

Mimi ni Mkisi wa Matema, mtoto wa mfinyanzi. Kazi niliipata kwa sababu ya vyungu vya mama, si kwa sababu ya akili zangu. Mzungu mmoja mrefu alifika sokoni Matema, akachagua chungu chenye mdomo mwembamba, akatoa panya hai kwenye mfuko wa koti lake, akamtumbukiza ndani. Wanawake wakatawanyika. Panya akaruka, akaparamia, akateleza, akaanguka chini. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mzungu akafurahi kama aliyeokota kitu, akaagiza vyungu vyote vilivyokuwapo na vingine ambavyo havijafinyangwa. Mama yangu hakukimbia. Alimuuliza mkalimani wa Mzungu kama yule bwana anawala wale wadudu, na alipojibiwa kwamba hapana, anawahesabu tu, tena anatafuta mtu wa kuandika hesabu hizo, akanisukuma mgongoni nikatokea mbele. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni majuzi tu, nina shati moja. Hivyo ndivyo nilivyoingia serikalini.

Watu walimwita Bwana Panya. Alilijua jina hilo na wala halikumkera. Masanduku yake yalishushwa kutoka kwenye meli pale Mwaya, tukayabeba vichwani hadi Ngana, na vyungu vya mama vikafuata nyuma kwenye vichwa vya akina mama, ambao hawakuvunja hata kimoja. Sisi wanaume tulivunja kioo cha taa.

Ngana nilikabidhiwa kwa Mzee Ambokile, Mnyakyusa wa palepale, mkulima wa mpunga na ndizi, aliyejua kutega kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye hadi leo. Nilimsalimu kwa Kiswahili changu cha shule. Akaniambia kwamba hapa watu huulizana kwanza kama wamelala salama, kwa hiyo nirudi nyuma nianze tena. Nikarudi hadi kwenye mgomba wa mwisho, nikaja upya, nikasema, "Mugonile, tata." Ndipo akaitikia. Tangu hapo nikamwita tata, yaani baba, naye akaniita mwanangu, na hakuna kati yetu aliyekuwa akitania.

Kazi alinifundisha kwa kunifanya nikosee. Mstari wetu wa mitego ulifuata tuta katikati ya mashamba ya mpunga mpaka kwenye matete ya mtoni. Vyungu tulivizika hadi mdomoni, na kati ya chungu na chungu tukaweka mitego ya bati yenye mlango wa kufyatuka, iliyotoka Uingereza. Unapita mapema, umande ukiwapo, maana jua likipanda panya anaokwa ndani ya bati na wewe ndiye muuaji. Chambo kilikuwa mchele wa kukaanga na karanga kidogo. Sabuni alinikataza siku za kazi. Sabuni ni ya Jumapili, alisema, na panya hasali. Siku ya kwanza nilimshika panya mkiani, akageuka akanitoboa kidole gumba. Tata hakunipa pole. Alinionyesha ngozi ya shingo, akaniambia nimshike hapo kama mama yake anavyomshika.

Kila panya tulimtia alama ili akikamatwa tena tujue ni yuleyule, na hivyo Bwana apate kukadiria wako wangapi shambani na kama wanaongezeka au wanapungua. Nyinyi leo mna njia zenu. Sisi tulikuwa na mkasi mdogo. Tulikata ncha ya kidole cha mguu wa nyuma. Kidole hiki ni namba hii, kidole kile ni namba ile, na ukiunganisha mguu wa kushoto na wa kulia unapata namba za kutosha. Tunapaka majivu, panya anakwenda zake. Juu ya hilo Tata alikuwa mkali kupita Bwana mwenyewe. Miguu ya nyuma ni daftari la serikali, alikuwa akisema, lakini mikono ni ya panya. Mikono aliita ile miguu ya mbele, na ukikaa na panya muda mrefu utaona hakukosea. Namba zikiisha, kanuni ilikuwa usikate tena: mwache panya aende, andika "hana alama", msubiri Bwana atoe utaratibu mpya.

Sasa mikono yenyewe ndiyo iliyomleta Bwana Panya nchini. Alikuwa na kisanduku cha kioo, na ukutani mwake, katikati, mrija mwembamba ambao kichwa cha panya hakipiti. Ndani ya mrija tunatia punje za mchele. Panya akitaka kula hana budi kuingiza mkono mmoja na kuchota. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kioo na kuandika: kulia, kulia, kushoto, kulia. Ukimpa nafasi nyingi za kuchota unaona anapendelea upi. Bwana alitueleza kwamba panya, kama watu, wengine wana shoto. Na kwamba panya hujaa mwaka mmoja, wakatoweka mwaka mwingine, bila mtu kujua kwa nini. Alitaka kujua kama mambo hayo mawili yanafuatana. Je, panya wakiwa wengi, wenye shoto nao huzidi?

Ngana yote ilipata habari. Mzee mmoja jirani alikuja kushuhudia, akakaa muda mrefu, mwishowe akauliza panya ana nini cha kukupa hata umkague mkono. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana, na mtoto mwenye shoto huelekezwa mapema. Mzee Ambokile alicheka hadi akajishika mbavu. Lakini zamu yake ya kioo ilipofika alikaa kimya kama yuko kanisani, na hakuandika mpaka awe ameona kwa macho yake mawili.

Misimu miwili ya kwanza Bwana alidhani ameona kitu. Wenye shoto waliongezeka kidogo, na muda si mrefu baadaye panya wakapungua mashambani. Akaanza kusema kwamba huenda wenye shoto ni dalili: wakizidi, ujue kundi linakaribia kuanguka. Ilikuwa dhana tu na mwenyewe alikiri hivyo, kwa sauti ya mtu anayeomba asiaminiwe huku anatamani aaminiwe.

Mwisho wa mstari wetu, hatua chache kutoka kwenye mtego wa mwisho, palikuwa na shamba dogo la mpunga la Mzee Ambokile. Lazima niwaeleze shamba hilo. Mbegu yake hakuwa nayo mtu mwingine Ngana. Mama yake aliitunza maisha yake yote akamwachia: punje fupi, nene, ukiipika jirani anajua umepika nini. Dada yake aliomba apewe akakataliwa, akaambiwa angoje mwaka wenye mavuno makubwa, na mwaka huo ulikuwa haujafika. Kila msimu Tata aliipanda yote. Akivuna, ya kula ilikuwa kidogo, na ya kupanda aliifunga kwenye majani makavu ya mgomba akaitundika juu ya moshi wa jikoni. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila ukitaja mpunga ule alinyooka mgongo. Aliniambia kwamba akiipoteza ile mbegu hatakuwa na uso wa kukutana na mama yake huko mbele.

Msimu wa tatu mvua zilitangulia, nyasi zikazaa kabla ya wakati wake, na panya wakaja. Sisemi waliongezeka, walikuja. Chungu kimoja unakuta wanne, wameanza kung'atana. Mstari tuliokuwa tukiumaliza asubuhi, sasa tunaumaliza adhuhuri, na kwenye bati wengine wamekwisha kufa. Namba za vidole vya nyuma zikawa zinaelekea ukingoni. Katikati ya hayo Bwana akashikwa na homa, akabebwa kwenda Tukuyu. Siku chache baadaye Tata akapata msiba wa kaka yake huko juu milimani, na msiba wa Wanyakyusa si wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Aliniaga kwa kunikabidhi mkasi. Nikajiona mtu mzima.

Namba ziliisha siku ya tatu. Kanuni niliijua, nimekwisha kuwaandikia hapo juu. Lakini daftari lile lilikuwa na safu safi, namba zikifuatana bila pengo, nami nilikuwa nalionea fahari. Kuandika "hana alama, hana alama, hana alama" ukurasa mzima niliona ni kukiri kwamba wakubwa wameondoka na kazi imenishinda. Kwa hiyo nikahamia miguu ya mbele. Panya nilimlaza kifudifudi juu ya ubao, kichwa kikitazama mbele, nikamkandamiza kwa mkono wangu wa kushoto na mkasi nikaushika kwa wa kulia. Mguu wa mbele uliokuwa karibu na mkasi ulikuwa wa kulia. Nikakata vidole vya kulia, panya baada ya panya, kwa muda wa majuma mawili. Wa kushoto ulikuwa unanisumbua kuufikia, nikauacha.

Nyinyi mmeshaona, maana mmesoma. Mimi sikuona mpaka nilipokaa mbele ya kioo na panya niliowakata. Wa kwanza aliingiza mkono wa kulia kwenye mrija, akautoa upesi, akaulamba, akakaa. Kisha akaingiza wa kushoto akachota mchele. Akachota tena kwa kushoto, na tena. Wa pili hakujisumbua hata kujaribu ule wa kulia. Hapo nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa mdogo na sikujua. Nilijua kabla wino haujakauka, nikaandika: kushoto.

Ndiyo maana siwezi kusema mshereheshaji wenu aliongopa. Kila mstari wangu ulikuwa wa kweli. Panya alitumia kushoto, nikaandika kushoto. Kilichokosekana ni sentensi moja tu, kwamba mkono wa kulia niliukata mimi. Vijana, daftari linaweza kuwa na kweli tupu na bado likawa na uongo kuliko soko zima la samaki.

Bwana alirudi kutoka Tukuyu amekonda, macho ya njano, akaomba madaftari kabla ya kuomba maji. Alisoma amesimama. Akakaa, akasoma tena. Wenye shoto walikuwa wamepanda kuliko alivyowahi kuota, sambamba na panya. Aliinuka akanipa mkono, akasema ataandika barua nipelekwe mafunzoni, maana mtu mwangalifu kama mimi asiachwe kwenye matope. Barua hiyo ndiyo iliyoniziba mdomo. Pia ndiyo iliyonileta kwenu. Kesho yake Bwana akaenda kwa Malafyale, chifu wa pale, akamwambia watu wasiwe na haraka ya kukata mpunga mbichi. Panya wanakaribia kuanguka wenyewe. Waache mpunga ukomae.

Tata alirudi msibani ndevu zimemjaa. Asubuhi yake ya kwanza mstarini alimshika panya, akamgeuza, akautazama mkono. Akamshika wa pili. Akamshika wa tatu. Halafu akaniuliza bila kuniangalia, "Mikono hii imekuwaje, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, na huo utayari ndio unaoniaibisha mpaka leo kuliko jibu lenyewe. Nikasema milango ya mitego ya bati imekuwa mikali. Panya wanaingiza mkono, mlango unawakata. Akaokota mtego mmoja, akapitisha kidole chake kwenye ukingo wa mlango, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Haukumkata. Akaurudisha chini, tukaendelea na mstari. Siku hiyo alasiri nilimkuta nyumbani kwake amekaa na mitego yote, anasugua kingo za milango kwa jiwe la mtoni ili isiumize panya tena. Alisugua mmoja mmoja mpaka akamaliza. Nikasimama pale kama mjinga, kisha nikakaa nikamsaidia.

Baada ya siku kama nne aliniita shambani kwake. Mpunga wa mama yake ulikuwa umeanza kuinama, nusu kijani nusu dhahabu, na chini ya mabua udongo ulikuwa umetoboka matundu kila mahali. Mpunga ukikatwa ungali na maziwa utaula, lakini hautaota. Hauwezi kuwa mbegu. Ukingojwa ukomae, kuna panya. Alinieleza hayo kana kwamba siyajui, akizunguka zunguka, na sikuwahi kumwona akizunguka neno. Alisema kama ingekuwa akili yake angeanza kukata siku ileile masuke ya upande wa jua, yaliyotangulia kukomaa, akaokoa hayo machache yaote mwakani. Lakini Bwana amesema vingine, na Bwana amesoma, na masuke machache hayalishi nyumba wala hayampi dada yake mbegu. Halafu akasema, "Wewe ndiye unayekaa na kile kioo. Nikate, au ningoje?"

Niliweza kusema kata. Hilo neno moja lingetosha. Wala nisingelazimika kusema kwa nini, kwa sababu angenitii hivihivi. Lakini niliogopa kwamba nikisema kata ataniuliza mbona daftari langu linasema vingine, na ule mkasi utatokea. Nikasema, "Ngoja, tata. Watapungua."

"Ndaga," akasema, yaani asante, akanipiga piga bega.

Hawakupungua. Walianza upande wa matete wakaja wanashuka. Kila asubuhi tukipita mstarini tunakuta mabua yamelala, yamekatwa chini kama kwa mundu, na masuke yamebaki maganda. Tata alipoona siku ya pili, alikata yaliyosalia, yeye na mkewe na mimi, tukayaanika kwenye mkeka uani. Yalikuwa machache, tena mabichi kwa sababu yaliyokomaa ndiyo yaliyotangulia kuliwa. Aliyafunga kwenye majani akayatundika. Msimu uliofuata aliyapanda yakaoza yote. Walioipuuza habari ya Bwana wakakata mapema walikula wali mwaka ule. Waliotii walikula ndizi. Ndizi zilituokoa na hakuna aliyekufa, nashukuru Mungu kwa hilo, ingawa sidhani kama shukrani zangu zinapokelewa.

Waswahili husema panya huuma na kupuliza. Mimi siku zile nilipuliza sana. Nilipiga magoti kwenye shamba lile pamoja na Tata tukachekecha udongo kwa ungo, tukitafuta punje zilizodondoka. Tulipata za kujaza kiganja, nyingi zimetobolewa. Nilimletea samaki wakavu kutoka Matema. Nilimwomba mama amfinyangie chungu kikubwa cha maji, naye akamfinyangia kizuri sana, akadhani nina adabu.

Bwana Panya alisikitika kweli. Alisema dhana ina kasoro mahali fulani na kwamba panahitajika misimu zaidi, kisha akahamishwa kabla msimu mwingine haujaanza. Miaka mingi baadaye nilipokea kwa posta chapisho lake la kurasa chache kuhusu panya wa Ngana na mikono yao. Jina langu lilikuwapo mwishoni, kwa herufi ndogo, likishukuriwa kwa uangalifu. La Mzee Ambokile halikuwapo.

Tata alifariki mimi nikiwa kituo cha mbali, na sikuwahi kumzika. Mkitaka kujua kama nilimwambia kabla hajafa, jibu ni hapana. Si kwamba nafasi ilikosekana. Nafasi nilipewa, tena mbele ya watu, na hiyo ndiyo siku ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo wa karatasi hizi. Basi niimalize.

Ilikuwa baada ya mpunga kuliwa, na barua yangu ya mafunzo ilikuwa imekwisha kufika. Mkewe Tata alianza kuugua, homa inakwenda inarudi, dawa ya misheni haimsaidii. Wakubwa wa ukoo wakasema nyumba ina kinyongo. Wanyakyusa wa siku zile, Wakristo kwa wasio Wakristo, waliamini kwamba hasira ikikaa moyoni mwa ndugu bila kutamkwa, inaumiza watu wa nyumba hata kama mwenye nayo hataki. Dawa yake ni kukaa pamoja, kila mtu aseme lililo moyoni mwake, kisha achukue maji mdomoni na kuyatema chini, liishe. Wakakubaliana wakutane Jumapili baada ya ibada, uani kwa Tata. Mchungaji alijua, na siku hiyo akapitia njia nyingine kwenda nyumbani. Mimi nikaitwa kwa sababu nilihesabiwa mtoto wa nyumba.

Tulikaa kwa duara, kibuyu cha maji katikati. Mdogo wake Tata alisema habari ya mpaka wa migomba, akatema. Dada yake alisema kwamba aliomba ile mbegu ya mama yao akanyimwa, na kwamba panya walipoila alifurahi kwa siku moja, kisha akalia kwa wiki. Akatema. Watu wakaguna kwa kukubali, kwa sababu alikuwa amesema kweli na kweli hiyo ilimgharimu. Halafu Tata akavuta kibuyu kwake. Nilidhani atamjibu dada yake. Alinigeukia mimi.

"Mimi nina neno juu ya huyu mwanangu wa Matema," alisema. "Nilipotoka msibani nilikuta mikono ya panya imekatwa. Akaniambia ni milango ya mitego. Moyo wangu ukakataa. Nikasema ndani yangu, huyu ananidanganya. Nimekaa na moyo huo, nakula naye, nacheka naye, mpaka mpunga wa mama yangu umeliwa na mke wangu ameanguka kitandani. Huenda ni moyo huo ulioyaita haya yote. Nimemdhania mtoto asiye na kosa." Akachukua maji mdomoni, akayatema chini mbele ya miguu yangu. "Nimeutoa. Nisamehe, mwanangu."

Ilikuwa zamu yangu kujibu. Watu wote waliniangalia, bila ukali wowote. Dada yake alikuwa bado anafuta machozi yake mwenyewe. Sentensi ile iliyokosekana kwenye daftari ilikuwa imefika kwenye ulimi. Nilikuwa nayo, maneno yote, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Hata walinisogezea kibuyu kabla sijaomba.

Nikasema, "Nimekusamehe, tata."

Nikachukua maji, nikatema. Naye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," na uso wake ulikuwa umepona.